Zabibu na Kiangazi cha Dodoma: Maswali Yenu Kuhusu Dripu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) nimefunga, mbona mizabibu bado ina kiu? Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mavuno ya Februari na Machi hubebwa kwa sehemu kubwa na mvua. Yale ya Agosti na Septemba, ambayo ndiyo yenye sukari nzuri na magonjwa machache, hukua kiangazi kitupu. Huko ndiko maji yanakohesabiwa kwa lita, na hesabu hiyo ndiyo inayokosekana katika barua nyingi tulizopokea.

SWALI: Nina ekari moja ya zabibu aina ya Makutupora Red hapa Hombolo, nafasi ya mita 3 kwa 1.5. Mipira ya dripu ina matundu kila sentimita 50, kila tundu lita 2 kwa saa. Pampu ya kisima inatoa lita 2,000 kwa saa na inasukuma moja kwa moja kwenye mipira. Nafungulia saa moja kila asubuhi, shamba lote. Ikifika Julai majani ya chini yanakuwa ya njano na kudondoka, na mashada ni mepesi. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu, tuanze na hesabu ya mipira. Kwa mistari iliyoachana mita 3, ekari yako ina karibu mita 1,350 za mpira, yaani matundu kama 2,700. Yote yakifunguliwa kwa pamoja yanadai lita 5,400 kwa saa. Kisima kinaleta 2,000. Presha haijengeki, na kila tundu linaambulia robo tatu ya lita badala ya lita 2. Una mizabibu 900, kwa hiyo kila mmoja unapata kama lita 2.2 kwa siku. Mzabibu unaishi kwa unyevu wa masika uliobaki chini, na unyevu huo ukiisha, mwezi wa Julai, unaanza kutupa majani.

Mzabibu unahitaji kiasi gani? Chukua maji yanayopotea hewani kwa siku, zidisha kwa kigezo cha zao, zidisha kwa eneo la mti mmoja. Dodoma mwezi Juni na Julai hewa huchukua kama milimita 5 kwa siku. Oktoba na Novemba, kwa jua na upepo, hufika 6 na kupita. Kigezo cha zabibu ya mvinyo ni 0.3 machipukizi yanapoanza, 0.7 majani yakijaa, na 0.45 mwishoni. Zabibu ya mezani hufika 0.85. Eneo la mti wako ni mita za mraba 4.5. Majani yakijaa mwezi Julai: 5 mara 0.7 mara 4.5 ni lita 15.75. Ongeza kidogo kwa yanayopotea njiani, gawa kwa 0.9, unapata lita 17.5 kwa mti kwa siku. Ekari nzima ni kama lita 15,750.

Sasa tazama kisima chako. Lita 2,000 kwa saa kwa saa 9 ni lita 18,000. Maji unayo. Kilichokosekana ni kugawa shamba. Weka koki tatu kwenye bomba la kugawia, shamba liwe vipande vitatu. Kila kipande kitadai lita 1,800 kwa saa, na pampu inaweza. Kila mti una matundu matatu, yaani lita 6 kwa saa.

Kama udongo wako ni tifutifu, mwagilia kipande kimoja kwa siku, saa 8 na dakika 45, kisha ukirudie baada ya siku tatu. Mti utapata lita 52.5 kwa mkupuo, sawa na 17.5 kwa siku. Kama ni kichanga, usifanye hivyo. Kwenye kichanga maji hushuka wima, umbo la unyevu linakuwa kama mhogo: refu na jembamba, na lita nyingi kwa mkupuo zinapita chini ya mizizi. Huko mwagilia vipande vyote kila siku, kila kimoja saa 2 na dakika 55. Kwenye udongo mzito wa mbuga umbo linakuwa kama kitunguu, maji yanapanuka pembeni. Unaweza kusubiri hata siku nne, lakini punguza kasi ukiona maji yanatuama juu.

Jambo la mwisho kwako: maji kidogo kila siku kwenye tifutifu hulowesha sentimita 15 za juu tu. Nusu yake jua linachukua, na mizizi inabaki huko juu kungoja. Kesho yake baada ya kumwagilia, chimba kwa chepeo sentimita 30 kutoka kwenye tundu. Unyevu usipofika sentimita 60, saa hazikutosha.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tangi letu la lita 5,000 liko juu ya mnara wa mita 2. Hapa Mpunguzi shamba ni tambarare, mistari ina mita 80. Miti ya karibu na tangi imestawi, ya mwisho imedumaa. Fundi anasema tununue dripu ile inayojirekebisha presha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana. Usinunue. Matundu yanayojirekebisha presha yana kiwambo cha mpira ndani, na kiwambo hicho hakianzi kufanya kazi vizuri mpaka presha ifike kama nusu baa, yaani kimo cha mita 5 za maji. Mnara wa mita 2 unakupa 0.2 tu, na hapo chujio na msuguano wa bomba havijala sehemu yao. Utatumia fedha nyingi na miti ya mwisho itabaki ilivyo.

Hata tundu la kawaida lililoandikwa lita 2 kwa saa limepimwa kwa baa 1. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha: kwa 0.2 tundu linatoa kama lita 0.9. Mwanzo wa mstari linatoa hizo, mwisho wa mita 80 linatoa nusu yake au chini.

Dawa ya bei ndogo ni kuhamisha bomba la kugawia. Sasa hivi bila shaka linapita kwenye kichwa cha mistari. Lipitishe katikati ya shamba, kila mstari ulishwe mita 40 kushoto na mita 40 kulia. Nusu ya urefu na nusu ya maji kwa pamoja hushusha msuguano ndani ya mpira hadi kama sehemu moja ya saba. Unahitaji bomba la ziada la kufika katikati, vipande vya kuunganishia, na siku mbili za kazi. Kisha fungulia mistari michache kwa zamu, si yote.

Kama mnajenga mnara upya, mita 5 au 6 ni tofauti kubwa. Vinginevyo pampu ndogo ya kuongezea presha kati ya tangi na chujio itamaliza tatizo. Na chujio lenyewe likaguliwe: lile la diski likiziba linakula mita 2 au 3 za kimo, nanyi hamna mita za kupoteza.

Pima kabla na baada. Chukua makopo 16: mistari minne, kila mstari sehemu nne kuanzia kichwani hadi mwishoni. Kinga dakika 6. Tundu la lita 2 kwa saa linalofanya kazi sawasawa linatoa mililita 200. Tafuta wastani wa makopo yote, kisha wastani wa yale manne ya chini kabisa. Gawa wa chini kwa wa wote. Ukipata asilimia 90 au zaidi, shamba lina usawa. Chini ya 80 kuna kasoro ya kutafuta. Mfano, wastani wa yote mililita 80 na wa manne ya chini 44 ni asilimia 55: ili mti wa mwisho ushibe inabidi wale wa mbele wamwagiwe karibu mara mbili ya haja yao. Pimeni hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya kupogoa. Ni kazi ya nusu saa ambayo wengi wanairuka.

SWALI: Dripu yangu ina miaka mitatu. Matundu mengi yametoa ukoko mweupe na mengine hayatoi kitu. Nimejaribu kuyachokoa kwa sindano.

JIBU: Sindano inaharibu njia ya maji ndani ya tundu, acha kabisa. Kata tundu moja lililoziba kwa wembe, ulipasue kwa urefu. Ndani utaona kijia cha meno meno, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Angalia kilichojaa humo, maana kila uchafu una dawa yake.

Ukoko mweupe mgumu: tonesha siki au maji ya limau. Ukitoa povu ni chokaa, na maji mengi ya visima vya Dodoma yana chokaa. Dawa yake ni asidi. Ute wa rangi ya kutu ni chuma na vijidudu vyake; hapo maji yapande kwanza kwenye tangi yakipigwa na hewa, yatulie usiku kucha, ndipo yachujwe. Ute wa kijani ni mwani, unatokea pale bwawa au tangi linapoingiwa na mwanga. Matope na mchanga vinasema chujio lako limepasuka au halikuwa la kiwango. Kwa matundu haya tafuta la diski la meshi 120, na kama kisima kinatoa mchanga tanguliza kichujio cha kuzungusha maji.

Kwa chokaa fanya hivi. Kwanza fungua miisho ya mipira yote, acha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Funga. Kisha ingiza asidi kwa kiwango cha asilimia 0.6 ya maji yanayopita, kwa dakika 10. Kipande kinachopitisha lita 1,800 kwa saa kinapitisha lita 300 kwa dakika hizo, kwa hiyo kinahitaji lita 1.8 za asidi. Kiwango hicho kimekusudiwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 33 au ya nitriki ya asilimia 60. Asidi ya betri usiitumie. Huwezi kujua ina nini kingine. Baada ya dakika 10 endelea na maji safi saa nzima, kisha fungua tena miisho, maana chokaa kilicholegea kitatoka kama unga.

Vaa glavu ndefu za mpira, miwani na buti. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi, yatakurukia. Na asidi isikutane kamwe na klorini au dawa ya kufulia madoa, hata mabaki ndani ya ndoo: hutoa gesi inayoua. Kama unahitaji vyote viwili, acha siku kadhaa katikati na suuza mfumo wote.

Kwa mwani na ute, mililita 300 za dawa ya madoa ya kawaida, ile yenye asilimia 3.5 ya klorini, kwa kila lita 1,000 za maji inatosha. Yaache ndani ya mipira dakika 45, kisha suuza.

Matundu yaliyoziba kabisa hayapokei asidi, kwa hiyo hayatafunguka. Ndiyo maana tunasisitiza kusuuza miisho kila wiki mbili na asidi mara moja kwa msimu, kabla tundu halijafunga. Na ukilisha mbolea kupitia dripu, usichanganye kalsiamu naitreti na mbolea yenye fosfati au salfeti kwenye ndoo moja; vinagandana na kuwa ukoko mpya. Dakika 20 za mwisho ziwe za maji matupu.

SWALI: Kiwandani wanapima sukari kabla ya kupokea mzigo. Jirani ananiambia ninyime mizabibu maji ili zabibu iwe tamu, na kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya nchi za mvinyo. Naogopa kupoteza uzito. Nina Chenin Blanc na Makutupora Red.

JIBU: Jirani ana ukweli nusu. Kunyima maji kunafanya kazi kwa wakati mmoja tu wa msimu. Wakati mwingine wowote ni hasara, na mara nyingine ni hasara ya misimu miwili.

Chukua shamba lililopogolewa mwanzoni mwa Mei. Tangu kuchipua hadi maua kuisha, kama wiki sita au saba, mizabibu isione kiu hata siku moja. Ukiikausha wakati wa maua, maua yanapukutika na shada linabaki na mapengo. Kuna la zaidi ambalo halionekani kwa macho: ndani ya macho ya matawi mapya, wakati huohuo, mti unaandaa mashada ya msimu ujao. Kiu ya Juni utaivuna tena Februari, na utalaumu mvua.

Baada ya maua, punje zikifunga na kufikia ukubwa wa choroko, hapo ndipo pa kupunguza. Shusha maji hadi nusu ya hesabu: kwa nafasi ya mita 3 kwa 1.5, kutoka lita 17.5 hadi kama 8.75 kwa siku. Endelea hivyo wiki tano, mpaka punje zianze kulainika na za Makutupora Red kuanza kuwa nyekundu. Katika kipindi hiki punje inajenga seli na kutanuka, kwa hiyo kiu ya kiasi inaifanya ibaki ndogo, ganda likiwa kubwa kulinganisha na maji ya ndani. Rangi na ladha ziko kwenye ganda. Tawi nalo linaacha kurefuka, jua linaingia kwenye mashada. Kwa ekari moja umeokoa kama lita 275,000, na hilo kwa mwenye kisima dhaifu ni jambo kubwa kuliko ladha yenyewe.

Punje zikishaanza kulainika, rudisha maji hadi robo tatu, polepole, kwa siku kadhaa. Hapa wengi wanaharibu. Wanaendelea kukausha hadi mavuno, majani yanaungua, na jani lililoungua halitengenezi sukari. Kipimo kinaweza kupanda kwa sababu punje inanyauka na maji yake yanapungua, lakini sukari haijaongezeka na mzani unashuka. Wengine wanakausha kisha wanafungulia maji mengi wiki ya mwisho ili kurudisha uzito. Chenin Blanc ina shada lililobanana sana. Punje zikivimba ghafla zinasukumana, ganda linapasuka, na ndani ya siku mbili uozo umeenea shada zima.

Kwa Chenin Blanc tungepunguza kwa upole zaidi, hadi asilimia 60 ya hesabu badala ya 50, kwa sababu zabibu nyeupe haihitaji rangi na jua kali huichubua. Zabibu ya kuliwa mezani usiipunguzie kabisa. Mnunuzi wake anatazama ukubwa wa punje.

Baada ya mavuno usifunge koki. Majani yaliyobaki Septemba na Oktoba yanapeleka chakula kwenye mizizi na shina, na chakula hicho ndicho kinachosukuma machipukizi utakapopogoa kabla ya mvua. Toa theluthi moja ya kiasi cha kawaida.

Mmoja wenu ameulizia njia ya kulowesha upande mmoja wa mti na kukausha mwingine, kisha kubadilisha kila siku 10 hadi 14. Ilibuniwa Australia miaka ya 1990. Mizizi ya upande mkavu hupeleka ishara ya kiu kwenye majani, stomata (vitundu vya jani vya kupumulia) zikajifunga kidogo, huku upande wenye maji ukiulisha mti. Inafanya kazi, ila inadai mipira miwili kwa kila mstari na koki mara mbili. Majaribio mengi ya baadaye yalionyesha kwamba faida kubwa ilitokana na kupunguza maji tu, na hilo unalipata kwa mpira mmoja. Fedha hizo ziweke kwenye chujio na geji ya presha.

SWALI: Vipima unyevu vya udongo vina maana kwa mtu wa ekari mbili, au ni mapambo?

JIBU: Vina maana, mradi kiwe cha kusomeka na kiwekwe pahali sahihi. Tenshiometa ni bomba la maji lenye ncha ya udongo wa kuchomwa na geji juu. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ncha, geji inapanda. Unahitaji mbili kwa kila aina ya udongo: moja sentimita 30, nyingine sentimita 60, zote kama sentimita 25 kutoka kwenye tundu la dripu. Kwenye kichanga fungulia maji ile ya juu ikisoma 20 hadi 30. Kwenye tifutifu ya mfinyanzi 50 hadi 60. Ile ya chini ndiyo shahidi: ikibaki karibu na sifuri siku zote, unamwaga maji chini ya mizizi, ikizidi kupanda wiki baada ya wiki, maji hayafiki.

Inapoharibika ni karibu kila mara kwa hewa. Loweka ncha usiku kucha, jaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, gonga mpaka mapovu yatoke. Ukiacha udongo ukauke kupita 80, uzi wa maji ndani unakatika na geji inaanguka sifuri, kana kwamba udongo umelowa. Wapo waliofunga maji kwa sababu hiyo.

Kipo pia Chameleon, kilichobuniwa na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, na kutumiwa na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa. Hakina namba. Taa ya buluu ni maji tele, kijani ni wastani, nyekundu ni kavu, kwa kila kina ulichofukia kihisi. Kwa mtu asiyetaka geji, ni rahisi kukielewa.

Na kuna kipimo kisicho na bei. Saa tano asubuhi simama mbele ya mstari, tazama ncha za matawi. Mzabibu wenye maji una vikono (vile vikamba vya kujishikia) vinavyopita juu ya ncha, vikiwa laini na vimenyooka mbele. Kiu ikianza, vikono vinalegea na kuning'inia kabla jani halijaonyesha chochote. Ikiendelea, ncha inaacha kukua na jani la mwisho lililofunguka linaipita. Ikipita hapo ncha zinakauka na kudondoka. Wakati wa kuchipua na maua usiruhusu hata hatua ya kwanza. Katika zile wiki tano za kupunguza, hatua ya pili ndiyo unayoitaka: ncha zimesimama, majani bado mazima.

SWALI: Maji ya kisima changu yana munyu. Kingo za majani zinaungua kuanzia Agosti. Nimepimiwa, chumvi ni 1.6 dS/m.

JIBU: Mama, zabibu huanza kupoteza mavuno maji ya kumwagilia yakizidi kipimo cha 1.0. Kwenye 1.7 hupotea kama asilimia 10, kwenye 2.7 robo. Yako yanatumika, lakini yanadai nyongeza ya kusukuma chumvi chini: ongeza kama asilimia 15 juu ya hesabu ya kawaida. Njia ya kupunguza maji tuliyomweleza mwenye Chenin isitumike kwako kwa miezi mingi mfululizo, kwa sababu maji kidogo yanaacha chumvi yote palepale.

Tatizo la dripu na munyu liko pembeni mwa doa la unyevu. Maji yanaposambaa yanasukuma chumvi hadi ukingoni, na unaweza kuiona, pete nyeupe juu ya udongo. Ndani ya pete mizizi iko salama. Sasa inakuja mvua ya kwanza, milimita 8 au 10. Inaosha ile pete na kuirudisha katikati, kwenye mizizi, na mizabibu inaungua majani wiki moja baada ya mvua. Watu wanashangaa. Kwa hiyo mvua ndogo za mwanzo zikianza, fungulia dripu wakati zinanyesha, na uendelee mpaka mvua kubwa ya milimita 40 au 50 ishuke. Matandazo ya majani makavu kando ya mstari nayo yanasaidia, yawe mbali na shina kiganja kimoja kwa sababu ya mchwa.

SWALI: Nataka pampu ya sola. Maji yako mita 60 chini, ekari moja. Pia, panya wanatafuna mipira kila kiangazi.

JIBU: Kupandisha lita 15,750 mita 60 kunahitaji umeme wa kama uniti 6 kwa siku, ukihesabu pampu na mota zinavyopoteza. Kwa jua kamili la saa 5 na nusu, pamoja na vumbi na joto, panga paneli za wati 1,400 hadi 1,500. Ongeza mita 10 za kimo kama utasukuma moja kwa moja kwenye dripu. Hifadhi kwenye tangi, si bwawa wazi: bwawa la mita 10 kwa 10 linapoteza kama lita 600 kwa siku kwa jua la Oktoba, na linaleta mwani.

Panya wanatafuta maji, si plastiki. Mpira mnene kuta milimita 0.9 au zaidi unavumilia kuliko ule mwembamba. Uning'inize kwenye waya wa chini, sentimita 40 juu ya udongo, usiulaze ardhini. Hapo pia utaona tundu lililoziba ukiwa unatembea. Weka madishi ya maji pembezoni mwa shamba, na ondoa marundo ya matawi yaliyopogolewa, ndiyo nyumba yao.